Daraja Lenye Alama ya Kijani

Jumatatu, 12 Januari

Kofia ya pikipiki yenye harufu ya kichwa cha mtu mwingine, kutoka nyumbani Kicukiro hadi wizarani Kacyiru. Nimefika mapema. Chai. Jedwali.

Wiki ya pili ya kuunganisha imihigo, ahadi za kazi za mwaka. Kila ngazi ilisaini ahadi zake mwaka wa kazi ulipoanza: sisi wizarani, wilaya, sekta. Tume ya tathmini ya nusu mwaka inakuja Februari. Kazi yangu ni kuziweka ahadi zote kwenye jedwali moja na kukagua rangi. Kijani maana yake kazi inakwenda. Njano inasuasua. Nyekundu, Mungu apishe mbali.

Mstari wa arobaini na moja umenikwaza. Daraja la miguu, bonde la Rwabitare. Kijani kwetu, kijani wilayani, kijani kwenye sekta. Ningepita tu, lakini nikasoma maelezo. Sisi tumeandika michoro imetolewa. Wilaya imeandika vifaa vimenunuliwa. Sekta imeandika wananchi wamehamasishwa, na misingi imekamilika.

Hakuna aliyeandika kwamba daraja limejengwa. Wala hakuna aliyeandika kwamba halijajengwa. Sasa lipo au halipo? Nimeuliza mezani, wenzangu wamecheka. Mimi sijacheka, nataka kujua.

Jumatano, 14 Januari

Nimemuuliza Mkurugenzi. Bwana Anastase ni mtu mwema, amekulia Uganda, hapendi maneno mengi. Kanijibu bila kuinua macho kwamba kijani ni kijani, nimalize jedwali.

Nikampigia Védaste, afisa mipango wa wilaya ile. Tunafahamiana kwenye semina. Ananiita Mtanzania kwa sababu nimekulia Karagwe na Kinyarwanda changu cha kuandika kinachekesha. Ndiyo maana hata daftari hili naliandika Kiswahili. Akanitania kwanza juu ya hilo, kisha akasema daraja ni la sekta, sisi wilaya ni washirika tu.

Nikampigia katibu mtendaji wa sekta, yule ambaye kila mtu nchini humu anamwita gitifu. Huyu ni mwanamke, sauti ya upole sana. Akasema daraja ni la wizara, wao ni washirika tu.

Sisi wizarani, nimeangalia faili. Tumejiandika washirika.

Yaani daraja lina washirika watatu na halina mwenyewe. Kichwa kinaniuma, lakini ni maumivu ya kutaka kujua, siyo ya kuchoka.

Ijumaa, 16 Januari

Mchana wenzangu wamekwenda kwenye michezo. Mimi nimebaki na mstari wa arobaini na moja. Nitakwenda kuliona kwa macho yangu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda. Basi hadi Ndera, halafu pikipiki, tukatoka nje ya mpaka wa jiji, halafu miguu. Viatu vimekwisha.

Nilichagua Jumanne makusudi, siku ya mkutano wa wananchi, nikijua viongozi watakuwapo. Mkuu wa kijiji ni fundi cherehani, mwanamke wa umri wangu. Watu wanamwita Mudugudu, yaani kijiji, utadhani ndilo jina alilobatizwa. Ameacha nguo ya mteja kwenye cherehani, tukashuka naye bondeni kabla ya mkutano.

Daraja halipo.

Kuna nguzo mbili za mawe, moja kila upande, zimejengwa vizuri kabisa, zimenyooka, saruji imekauka. Kati yao hakuna kitu. Chini, maji ya bonde, na gogo la mkaratusi limelazwa. Watoto wanavuka juu ya gogo kwenda shule. Nimewaona wakivuka, mikoba kichwani, wametanua mikono. Mmoja aliteleza kidogo akacheka. Mimi sikucheka.

Mudugudu ana daftari lake. Jumamosi zote za umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, zimo: nani alibeba mawe, nani alichanganya saruji, nani alituma udhuru. Nguzo zilikamilika Oktoba. Anasema kiangazi hiki kifupi si kitu. Shida ni mvua za Machi. Gogo linaondoka, na watoto wanabaki nyumbani au wanazunguka kwa barabara ndefu, asubuhi nzima inakwisha njiani. Mwaka jana binti yake, Divine, alikosa shule muda mrefu mpaka akarudia darasa la sita. Mwaka huu ana mtihani tena. Alilisema hilo huku anakunja daftari, bila kulalamika.

Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ninyi wa wizara ndio mlileta michoro. Sasa vya kuweka juu vinakuja lini?"

Nimesema nitafuatilia. Neno hilo, nitafuatilia, nimelisema mara ngapi maishani? Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Kwenye mkutano mzee mmoja mwenye redio alisimama akauliza daraja ni la nani. Wa sekta walitazama nyasi. Na mimi nilitazama nyasi.

Alhamisi, 22 Januari

Wilayani, kwa Védaste. Nilikwenda kugomba.

Amenipeleka nyuma ya ofisi. Chini ya turubai: mihimili ya chuma, mbao, waya, hata misumari ndani ya ndoo. Vyote vya daraja la Rwabitare. Vimekaa hapo tangu Septemba. Mihimili imeanza kushika kutu pembeni. Kuku wa mlinzi ametagia ndani ya turubai.

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia anangoja barua ya sekta ya kuviomba. Nikampigia gitifu hapo hapo. Anangoja barua ya wizara ya kuthibitisha kazi ianze. Na sisi? Nimefungua faili letu kwenye simu. Tunangoja wilaya itupe taarifa kwamba vifaa viko tayari.

Nikamwambia Védaste si aandike hiyo barua sasa hivi, karatasi hii hapa, kalamu hii hapa. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, mwenye kuandika barua, daraja linakuwa lake. Likichelewa, nyekundu iko kwake. Mimi nina watoto."

Ndiyo hivyo. Imihigo inasainiwa mbele ya wakubwa, na inasomwa mbele ya wakubwa. Mwenye nyekundu anasimamishwa kujieleza. Mshirika hasimamishwi. Kwa hiyo wote wanakimbilia ushirika, na adabu nyingi, na kila mmoja amefanya sehemu yake kweli. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Hilo ndilo linanishangaza. Nilikuwa natafuta mwongo.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani sikusikia mahubiri. Katikati ya wimbo nimekumbuka.

Fomu inayojaza jedwali niliitengeneza mimi.

Miaka miwili sasa. Ngazi zilikuwa zinagombana, kila moja inataka ionekane ndiyo iliyofanya kazi ya mwenzake. Nikaweka safu ya mshirika, nafasi tatu. Safu ya mwenye kazi niliiacha kwa hiari, mtu akitaka ajaze, asipotaka aache, ili watu wasigombane. Na nikapanga kompyuta ipake kijani kama kila mshirika ametimiza sehemu yake. Nilipoionyesha kwenye semina walipiga makofi. Mkurugenzi alinipa mkono. Nilipigia simu hadi Karagwe kujisifu.

Ugomvi uliisha kweli. Na daraja likapotea nao.

Nimejikasirikia vibaya sana. Isombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, imeungua jikoni kwa sababu nilikuwa nimesimama tu naukodolea macho ukuta.

Jumanne, 27 Januari

Nimeitisha kikao cha ngazi tatu, Kacyiru, saa nne. Nimeandika wakuu waje wenyewe.

Védaste amemtuma msaidizi wake. Gitifu amemtuma afisa wa kilimo. Mkurugenzi alichungulia, akasema tuendelee. Watu wote waliokuwa pale, mimi nikiwemo, hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuamua lolote. Tumezungumza kwa heshima kubwa. Tumekunywa soda. Tumekubaliana iundwe kamati ya kufuatilia. Wamependekeza kamati iwe ya pamoja.

Nilitaka kulia, nikaandika muhtasari.

Jumamosi, 31 Januari

Umuganda. Mtaani kwetu tumezibua mtaro. Mvua ya ghafla ikatukimbiza, nzito, na bado ni Januari. Jirani akafurahi kwa ajili ya maharagwe yake. Mimi nikawaza gogo.

Adhuhuri Mudugudu amenitumia picha. Wamebeba mawe tena. Sekta iliwaambia waendelee na kazi ya daraja, na kazi pekee ya daraja ambayo haihitaji barua ni kubeba mawe. Mawe yalishatosha tangu Oktoba. Sasa kuna lundo linalozidi kimo cha mtu, na picha inaonyesha watu wamesimama mbele yake na majembe, wanatabasamu. Chini ameandika: tumetimiza sehemu yetu.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Hata sijui kama alikuwa ananikejeli.

Jumatano, 4 Februari

Gogo limeondoka. Mvua ya jana. Mudugudu amepiga simu mwenyewe, sauti imekauka. Divine na wenzake wamezunguka barabarani, wamefika shule saa nne. Wiki ijayo wanaume watatafuta gogo jingine, lakini Machi itaondoka na hilo pia, na yeye hajui amweke wapi mtoto. Ana dada yake mjini, ila chumba ni kimoja.

Nikaingia kwa Mkurugenzi nikamwambia yote. Vifaa chini ya turubai, barua tatu zinazongojana, fomu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Halafu akasema tathmini ni tarehe kumi na mbili, jedwali limeshaonwa na wakubwa likiwa la kijani, mambo ya fomu tutayashughulikia mwaka wa kazi ujao. Akanikabidhi ukurasa wa saini. Jina langu ndilo la kwanza: limeandaliwa na.

Sijasaini. Nimesema kalamu imekwisha wino. Uongo wa kitoto.

Ijumaa, 6 Februari

Nimefanya.

Asubuhi nimejaza safu ya mwenye kazi kwenye mstari wa arobaini na moja. Wizara, kitengo chetu, na jina langu kwa sababu nafasi inadai jina. Mara tu nilipojaza, kijani ikatoweka. Kompyuta ilimtafuta mwenye kazi, ikakuta kazi haijafanyika, ikapaka nyekundu. Mstari mmoja mwekundu kwenye ukurasa mzima wa kijani. Unaonekana hata ukiwa mlangoni, niliinuka nikajaribu.

Kisha nikaandika barua. Aya mbili. Kitengo kinaomba vifaa vya daraja la Rwabitare vitolewe, kazi ianze, sisi ndio wenye kazi. Nikapeleka jedwali na barua kwa Mkurugenzi.

Aliisoma barua mpaka mwisho. Akavua miwani, akaivaa.

"Jeanne, unajua kwamba hii ni kazi yako? Namaanisha ajira yako."

"Najua, Mkurugenzi."

Akaweka barua kwenye droo. Hakusaini, hakuichana. Nimerudi nyumbani. Naogopa, sina haja ya kujidanganya humu. Mkataba wangu unakwisha Juni.

Jumatatu, 9 Februari

Barua ilikuwa mezani kwangu nilipofika. Imesainiwa. Muhuri umekaa upande.

Hakuna maelezo. Kipande cha karatasi tu, mwandiko wake: Alhamisi mbele ya tume utazungumza wewe.

Nashindwa kuelewa kwa nini amesaini. Nilidhani namjua. Dereva wake ananiambia Jumamosi walikwenda safari fupi, matope mengi, na Mkurugenzi alishuka bondeni peke yake. Hakumwambia dereva alikuwa anatafuta nini. Kumbe na yeye ni mdadisi, miaka yote hii.

Nimeipeleka barua wilayani mwenyewe. Védaste ameisoma mara mbili, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu. Kisha akagonga muhuri wa kupokea, polepole, na akanisindikiza hadi getini. Hajawahi kunisindikiza.

Alhamisi, 12 Februari

Tathmini. Ukumbi mkubwa, maji ya chupa, majina mezani. Wilaya zote, magitifu, sisi. Jedwali likaonyeshwa ukutani, na jicho la kila mtu likaenda pale pale.

Mwenyekiti wa tume akauliza nyekundu ile ni ya nani. Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema ni yangu. Nikaeleza kwa mpangilio: michoro ipo, vifaa vipo, nguzo zipo, mawe yamezidi, daraja halipo. Kila ngazi iliandika ukweli. Fomu niliyotengeneza mimi ilijumlisha kweli tatu ikapata uongo. Watoto wanazunguka barabarani.

Kuna aliyekohoa.

Mwenyekiti akasema nitapewa onyo la maandishi kwa fomu mbovu. Nikasema asante, sijui kwa nini nilisema asante. Halafu mjumbe mmoja, mama mnene aliyekuwa anaandika tu muda wote, akaomba jedwali lishushwe polepole, aonyeshwe mistari mingine ambayo safu ya mwenye kazi iko tupu. Likashushwa. Mstari baada ya mstari. Kisima. Soko dogo. Kituo cha kukusanya maziwa. Vyote kijani. Ukumbini watu wakaanza kupanga upya karatasi zao.

Na hapo ndipo nilipoona kitu cha ajabu. Védaste akanyoosha mkono akasema lori la wilaya liko tayari wakati wowote. Gitifu akasema watu wake wako tayari, umuganda wa mwezi huu wote utakuwa Rwabitare. Mkurugenzi wangu akasema mhandisi wa wizara atakuwepo. Ushirikiano ule niliokuwa nautafuta mwezi mzima ulipatikana kwa dakika tatu. Wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana, basi kila mtu akawa mkarimu.

Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kondakta akanitazama. Nina hasira pia, nisiseme sina.

Jumanne, 17 Februari

Onyo limefika. Ukurasa mmoja. Nimelisaini na kulitia kwenye faili langu. Mwandishi wake amekosea kuandika jina la bonde. Sijamsahihisha.

Jumamosi, 28 Februari

Rwabitare, tangu saa moja asubuhi. Mawingu mazito, hayakunyesha.

Lori lilifika na mihimili, kutu imesuguliwa. Mhandisi, kijana mkali, alipima nguzo za kijiji mara tatu akitafuta kasoro. Hakupata. Alipomwambia Mudugudu hivyo, Mudugudu aliangalia pembeni akarekebisha kitambaa cha kichwa, nikajua amefurahi.

Watu wote wa mlimani walishuka. Gitifu alivaa buti, akabeba mbao kama wengine. Védaste aligonga misumari na kujigonga kidole, wanawake wakamcheka mpaka akacheka. Mimi nilishika kamba niliyoambiwa nishike. Mkurugenzi hakuja. Kwenye gari la mhandisi alituma katoni za maji, bila ujumbe.

Nilimuuliza Mudugudu lundo la mawe watalifanyia nini. Kumbe wameshaamua kwenye mkutano wa Jumanne: watapanga njia ya mawe kutoka darajani hadi barabara ya shule. Wameshaandika na jina la mwenye kazi, yule mzee wa redio. Walimchagua kwa sababu anauliza maswali mengi.

Saa saba mchana ubao wa mwisho. Hakuna aliyetoa hotuba, maana kila mkubwa alimwachia mwenzake heshima ya kuzungumza. Mwishowe Divine akavuka tu, akafika ng'ambo, akageuka akarudi.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Pikipiki hazikupatikana, nimepanda basi, nimechelewa. Chai. Jedwali.

Mstari wa arobaini na moja bado ni mwekundu. Nimeuliza kitengo cha kompyuta. Jedwali la nusu mwaka likishapokelewa na tume linafungwa, halibadilishwi mpaka Juni. Daraja lilipokuwa halipo lilikuwa kijani. Sasa lipo, ni jekundu, na jina langu liko pembeni. Mkurugenzi amepita, amelitazama, ameniuliza kama nimekunywa chai.

Fomu mpya naianza leo. Safu ya mwenye kazi ndiyo ya kwanza, na haipiti ikiwa tupu. Watagombana tena, najua.

Saa tatu kasoro simu imetetemeka. Mudugudu. Hakuandika salamu.

Divine ameshafika shule.

Nimeweka simu kifudifudi, nikaendelea na mstari wa arobaini na mbili.